Noti ya Siku Uliyozaliwa

Bhopal, Jumapili

Kaka Imtiyaz,

Natumai joto la Kuwait limepungua. Huku mvua imeanza, na mbuzi wa jirani ametafuna kandambili ulizoacha.

Baba hatimaye aliipata noti aliyoisaka tangu uondoke: rupia mia, nambari yake ni tarehe uliyozaliwa. Mteja aliitumia kulipia chai kibandani kwetu. Mama akamwambia, "Mzee, si ununue nayo dawa ya kikohozi chako?"

Baba akacheka. "Nimuuze mwanangu kwa chupa ya dawa?" Akaikunja, akaitia mfuko wa kifuani.

Tulimzika Ijumaa. Tulikupigia simu, hukupokea.

Mama hataki kuiona noti hiyo, kwa hiyo nimeitia humu. Usiinyooshe. Mikunjo hiyo ni ya mkono wake.

Dada yako,
Shagufta