Gesi ya Soda na Furu wa Mama

Kirumba, Mwanza
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Marahaba yako naisikia hata kutoka huku, ingawa Nyamisi ameniandikia kwamba siku hizi sauti yako imepungua. Kifua kimepoa? Miguu bado inavimba? Na binti yangu Nyangeta, bado anamsumbua bibi yake kwa hadithi kila akitaka kulala? Mwambie baba yake anamkumbuka. Mimi mwili ni mzima, ila kichwa hakijatulia, na sababu yake ndiyo barua hii. Nyamisi mdogo wangu, msomee mama polepole, na ukifika mahali pa kushangaza usiruke, maana mimi mwenyewe sijamaliza kushangaa.

Mama, barua ya Nyamisi ilinikata maini. Kwamba tangu masika ugali unaumega na kuuacha. Kwamba ukiletewa sangara unageuza uso kwa ajili ya yale mafuta yake, na dagaa unasema wanakukwaruza koo. Kitu unachokitaja ni kimoja tu, furu. Furu wa mawe, aliyekaushwa, wa mchuzi mwepesi, kama ulivyokuwa ukitupikia. Nilipomaliza kusoma nilivaa viatu nikaenda sokoni Mwaloni moja kwa moja. Nilizunguka meza zote. Sangara wapo, sato wapo, dagaa magunia kwa magunia, mapanki ya vichwa na mifupa ya sangara yaliyokaangwa yanatoa moshi. Nikamwuliza mama mmoja aliyekuwa akipaa samaki, "Dada, furu nitapata wapi?"

Alicheka mpaka akaweka kisu chini. "Furu? Kaka, ulikuwa umelala wapi miaka yote hii? Sangara kawamaliza. Watoto wangu hata jina hawalijui."

Wenzake wakampokea kwa kicheko, nami nikaondoka na aibu yangu. Sikukuandikia. Ningekuandikia nini?

Sasa nikuambie nilikokuja kuwaona.

Unajua kazi yangu ni mashine za barafu pale kiwandani. Tangu biashara ziachiwe huru viwanda vya minofu vimeota hapa kama uyoga, ndege zinatua na kuondoka na minofu, na sisi tunabaki na mapanki na shukrani. Basi msimamizi wangu akaniambia kuna mama mmoja wa Kizungu huko Isamilo, anaitwa Mama Hana, mtaalamu wa samaki, anatafuta fundi anayejua mitungi ya gesi. Nikadhani friji yake imekufa. Nikabeba spana zangu nikaenda siku ya mapumziko.

Nilikaribishwa sebuleni. Mama, nilichokikuta sijawahi kukiona. Ni sanduku la kioo, refu kama kitanda, limejaa maji, juu yake taa ndefu zinawaka mchana kweupe na mapazia yamefungwa. Ndani kuna mchanga, na kwenye mchanga yamepandwa majani. Yamepandwa kwa mistari, kama mchicha! Pembeni kuna chupa mbili zimeunganishwa na mpira unaoingia majini, na harufu iliyotoka kwenye zile chupa ilinisimamisha. Wewe ni mtu wa kanisa, mama, lakini harufu ile ungeijua hata wewe. Ilikuwa pombe.

"Ni sukari na hamira," Mama Hana akaniambia. Kiswahili chake ni cha shuleni, kimenyooka kuliko changu. "Inapochachuka inatoa gesi ya kaboni, na majani haya yanakula gesi hiyo. Lakini chupa leo zina nguvu, kesho zimelala. Nataka mtungi."

Mlinzi wake, Mzee Masanja, Msukuma wa Usagara, alikuwa mlangoni akanikonyeza. Baadaye akaniambia alipoanza kazi alimhurumia mama wa watu, akijua ni mlevi wa siri.

Nilicheka, lakini moyoni nilikuwa nimekasirika. Hapa Mwanza magugu maji yameziba ziwa. Asubuhi unaweza kuamka ukakuta mwalo mzima umekuwa shamba, mitumbwi haitoki, watu wamezama mpaka kifuani wanang'oa kwa mikono. Na huku Isamilo mtu ananunua sukari ya chai, anayalisha majani! Nikataka kusema neno. Hapo ndipo samaki mmoja akatoka nyuma ya majani, mgongo wa buluu, mkia mwekundu, akanitazama.

Mama, alikuwa furu. Furu wa mawe. Akatoka wa pili, akatoka wa tatu, wakaja kundi zima kwenye kioo kana kwamba wananidai chakula. Spana ilinitoka mkononi. Nilisimama pale nimekodoa macho, mtu mzima mwenye mtoto, machozi yananilengalenga kwa ajili ya samaki ambao tulikuwa tukiwatupia kunguru.

Nikamwuliza amewatoa wapi. Akasema kwenye miamba upande wa Majita, katika ufa mwembamba ambamo sangara hapiti. Kwetu, mama! Akasema amerudi pale mara nyingi tangu hapo na hajapata mwingine. Majani amewapandia ili wapate pa kujificha na kuzaa, na wakishazaa atawapeleka Ulaya wakatunzwe huko, maana huku kwao hawana usalama tena.

Nilifunga ule mtungi nikiwa kama mtu aliyepigwa kofi. Nilipata mtungi mdogo wa mashine ya soda kutoka hoteli iliyofungwa. Gesi ni ile ile inayokupanda puani ukinywa soda. Nikaufungia koki na saa ya kupimia presha. Famasi nilinunua mpira wa dripu, na kile kikopo chake cha kuonyesha matone nikakigeuza kionyeshe viputo, ili mtu aone gesi inavyopita, kiputo baada ya kiputo, kama anavyotazamwa mgonjwa. Mwisho wa mpira nilichomeka kichungi cha sigara, na gesi ikatoka laini kama povu la maziwa. Mama Hana alipiga makofi. Siku chache baadaye yale majani yalikuwa yanang'aa, yananenepa, kila jani limeshika lulu ndogo ya hewa.

Akanifundisha, akamfundisha na Mzee Masanja. Taa ikiwaka, gesi ifunguliwe. Taa ikizimika, gesi ifungwe, maana majani yasipopata mwanga hayali, na gesi isipoliwa inabaki majini na kuwaziba samaki pumzi. Wote wawili tuliitikia, ndiyo mama, tumeelewa.

Siku niliyoenda kukagua koki nilijikaza nikamweleza habari zako. Nikamwambia mama yangu anaumwa, hali chakula, anaomba furu, na mimi naomba mmoja tu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Pole sana, fundi. Siwezi." Nilitoka bila kuaga na njia nzima nilikuwa nikisema peke yangu kama mwendawazimu. Samaki wa mama yangu, wa mawe ya kwetu, nimewafungia mtungi kwa mikono yangu, na ninanyimwa mmoja!

Sasa sikia yaliyonitoa roho. Alhamisi Mama Hana alivuka kwa kivuko kwenda Sengerema. Mchana umeme ukakatwa, ule mgawo wetu ambao hautangazwi. Mimi nilikuwa nimetumwa mjini, nikasema nipitie Isamilo nione kama koki imefungwa. Nilipoingia sebule ilikuwa giza, na nikasikia maji yanachemka. Ndiyo, kuchemka, kama sufuria ya ugali. Mzee Masanja amesimama juu ya kigoda, mkono uko kwenye koki, jasho linamtoka.

"Fundi, nashukulu umefika! Walikuwa wanakata loho. Wamepanda juu wote wanaachama. Nimewaongezea pumzi, lakini naona haiwatoshi!"

Mama, pumzi hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwaua. Lakini mfikirie na yeye. Sisi watu wa huku, nani ameona viputo majini akafikiri kifo? Umeme ulipokatika gesi ilikuwa bado inapita. Aliwaona samaki wanahema, akasahau somo, akafuata huruma. Kila walivyozidi kuhema ndivyo alivyozidi kufungua.

Nikairukia koki nikaifunga. Nikang'oa mapazia, nikafungua madirisha yote. Halafu mikono ikafanya kile ilichozoea kwenye mtumbwi wa marehemu baba, tulipokuwa tukiweka chambo hai kwenye beseni. Nikachukua bakuli jikoni, nikachota maji ya sanduku, nikayainua juu na kuyamwaga yarudi kwa kishindo, nikachota, nikamwaga. Mzee Masanja akaleta sufuria akafanya vivyo hivyo. Sebule ya watu ikawa ziwa. Tulimwaga mpaka mabega yakawa mawe, naye akawa analia huku anamwaga, anawaita "wanangu, wanangu."

Wengi walirudi. Walianza kushuka mmoja mmoja, wakajificha kwenye majani. Watano hawakurudi.

Mama Hana alipoingia jioni alitukuta tumekaa sakafuni kwenye maji. Alitazama kioo, akatazama wale watano niliowalaza kwenye sinia, kisha akanitazama mimi. Nilielewa anachofikiri, mama. Mimi ndiye niliyeomba. Mimi ndiye fundi wa koki. Na mimi ndiye niliyekutwa na samaki waliokufa.

Mzee Masanja akasimama. Nguo zinamchuruzika maji. "Mama, ni mimi. Fundi kafika nimeshawaua. Niliona viputo nikajua ni pumzi. Kama ni kunifukuza, nifukuze mimi."

Hakumfukuza. Alikaa sakafuni pamoja nasi na kile kitenge chake kizuri, akamshika mzee mkono. Kisha akavuta sinia akaanza kuwaangalia mmoja mmoja. Alipofika kwa jike mmoja, wa rangi ya mchanga, akasimama. Wenzake wote walikuwa wamekufa midomo wazi. Huyu alikuwa ameufumba, ameubana kabisa, na koo lake limetuna. Mama Hana akamwinamisha juu ya bakuli la maji, akamfungua taya kwa kidole gumba taratibu, na vitoto vikaanguka. Vidogo kama mbegu za ulezi, vina macho. Vingine vikazama. Vingine, mama, vikaogelea!

Nilijua tangu utoto kwamba furu hubeba watoto mdomoni. Wewe ndiwe uliyetuonyesha. Lakini kwamba wenzake wanaachama kutafuta hewa, na yeye anakataa kufungua mdomo! Hapo nilishindwa kujizuia, nikalia mbele ya mama wa Kizungu na mlinzi wake, na wala sioni haya kukuambia.

Mama Hana akachukua wawili kati ya wale watano waliokufa akawatia kwenye chupa ya spiriti, kwa ajili ya kazi yake. Waliobaki aliwafunga kwenye kitambaa chenye maji, yule jike akiwa miongoni mwao, akaniwekea mkononi. "Mpelekee mama yako," akasema. Nilichokuwa nimekiomba nimekipata, na nilikuwa natamani nisingekipata.

Niliwapasua, nikawatia chumvi, nikawaanika juu ya jiwe nyuma ya nyumba yangu, nikakaa nikiwafukuza mwewe mpaka wakakauka kama unavyotaka wewe. Anayekuletea barua hii, Mama Masatu wa vitenge, amewabeba kwenye kikapu chake chini ya nguo. Usiogope ile gesi, mama, haina sumu ya tumboni. Ingekuwa nayo, wanywa soda wote wa Mwanza tungekuwa tumeshawazika.

Nisalimie shangazi wa ng'ambo ya kijito, na mchungaji anayekuja kukuombea. Msalimie jirani yetu anayekuchotea maji, mwambie wema wake nauona. Nyamisi, wewe nakushukuru kwa kumwogesha mama na kumsomea, na usilie ukisoma, utamtisha. Nimeomba ruhusa kiwandani, nikipewa nitapanda basi siku hiyo hiyo.

Kabla hamjawatia chunguni, mwonyesheni Nyangeta. Mwacheni awashike, awageuze, aulize anavyotaka. Wawili wenye mkia mwekundu gawaneni na mtoto. Yule wa rangi ya mchanga, mwenye taya pana, ndiye yule mama niliyekueleza. Watoto wake wako hai kwenye kioo, Mzee Masanja anawalinda na hagusi koki tena. Huyo, mama, usimgawie mtu. Umle wewe mwenyewe, na umle taratibu.

Ni mimi mwanao niliye mbali na jiko lako,
Magesa