Adamu Wangu wa Nanyuki

Gakindu, 3 Mei 1968

Theuri wangu,

Mtoto wetu ameota jino, na cha kwanza kukiuma ni kidole cha mzee wa kanisa! Usingizi sipati, lakini nilicheka.

Nilikuwa nimeenda kuomba abatizwe. Mzee akasema, "Dhambi ya Adamu amerithi tu, huyu hana kosa. Lakini kuzaa kabla ya arusi ni dhambi yenu wawili. Mtatubu mbele ya watu. Baba yake yuko wapi?"

Nikamwambia, "Adamu alijificha kwa miti, wangu amejificha Nanyuki."

Jumapili tarehe kumi na tisa nitapiga magoti. Ukipiga nami, mtoto ataitwa Kabura, kama mama yako. Usipokuja, ataitwa kama mama yangu, awe mtoto wa kwetu.

Shati lako jeupe nimeshalipiga pasi.

Wako anayekungoja,
Gathoni