Prosesa Mpya ya Magesa

Jumatatu, 9 Juni 1997

Nimepika uji. Nimempelekea mdogo wangu Magesa kwenye kochi. Nimetoka. Vyombo, kufua, kufagia uwanja. Shule imefungwa lakini kazi hazifungwi. Mchana nimemwashia kompyuta, akaitazama kidogo, akafumba macho. Hakuna aliyekuja.

Mwezi uliopita sebule hii haikuwa na pa kukanyaga. Mafuru anayeuza dagaa, Bhoke fundi cherehani, na nusu ya vijana wa mtaa wetu wa Makoko, wote wamebanana mbele ya mashine wanagombea zamu ya mbio za magari. Mdogo wangu amelala hapo anaamua nani kacheza rafu. Sasa kuna duka mtaa wa Iringo limeleta kompyuta mpya yenye mchezo wa mpira, na mtangazaji yumo humohumo ndani. Wote wamehamia huko. Siwalaumu. Nawalaumu sana.

Bila mchezo nani ataingia kwa mgonjwa huyu? Watu wa jumuiya ya kanisani wanamsalimia kutoka mlangoni, kichwa ndani, mwili wote nje. Jirani ukimpa chai, ametoka kunywa sasa hivi. Wanauogopa ugonjwa. Vijana tu walikuwa wanausahau, na waliusahau kwa sababu ya magari.

Jumatano, 11 Juni

Nimekutana na Mafuru sokoni. Anao mchezo huo wa mpira kwenye sidii, kaazimwa. Nikamwambia aulete kwetu basi. Akacheka kwa aibu.

"Mwalimu, ile yenu ni nzee. Tulijaribu siku ile umeenda kanisani. Mchezaji anapiga shuti leo, mpira unafika kesho."

Mashine ya watu inatukanwa sokoni. Ni nzee kweli. Magesa aliipata Bunda, alipokuwa karani kwenye kinu cha pamba. Wanunuzi binafsi walipoingia, kinu kikafa, wafanyakazi wakagawiwa vitu badala ya mishahara. Wenzake walipata mizani na mabati. Yeye akachagua kompyuta. Mama kule Butiama alisema mwanawe kaleta televisheni isiyo na picha.

Nimepanga foleni posta nikampigia Wambura, binamu yetu aliye fundi kompyuta Mwanza. Anasema si lazima mashine mpya. Ubao mkubwa wa ndani ni wa zamani lakini soketi yake inapokea prosesa, ubongo wa mashine, yenye kasi zaidi. Kichwa kinabadilishwa, mwili unabaki. Ataituma kwa basi. Atakayeifunga ni mimi, hawezi kuacha kazi.

Mimi. Ninayeogopa hata kubadilisha balbu.

Ijumaa, 13 Juni

Imefika, ndani ya kopo la maziwa ya unga. Kitu cheusi, kidogo kuliko biskuti, chini kina miguu mingi myembamba kama meno ya brashi. Na feni yake. Kulikuwa na kimrija cha grisi nyeupe ya kupaka kati ya prosesa na feni ili joto litoke. Kimepasuka njiani. Grisi yote imekauka kwenye kopo.

Posta tena. Wambura anasema hatari yenyewe ni umeme. Prosesa ya zamani inakula volti tano, hii mpya tatu na kidogo. Kwenye ubao kuna vifuniko vidogo vya plastiki, jampa, navyo ndivyo vya kuhamisha. "Dada, usiwashe kabla hujahamisha. Ukikosea inaungua hapohapo, hata moshi hutaona." Nikauliza habari ya grisi. Simu ikakatika.

Kitabu cha maelezo ya ubao hatuna.

Jumamosi, 14 Juni

Magesa aliketi mwenyewe leo, mara ya kwanza tangu Mei. Mto mgongoni, tochi mkononi. Mwanga unacheza kote. Yeye anaelekeza, mimi nafanya. Nikagusa bomba la maji kwanza kutoa umeme wa mwilini. Nikainua mkono wa chuma wa soketi, prosesa ya zamani ikatoka bila ubishi. Mpya ina kona moja iliyokatwa, lazima ikutane na alama ya kwenye soketi. Nimeigeuza na kuigeuza. Jasho linadondoka, naogopa hata jasho.

Maandishi ya volti yamechapwa kwenye ubao, madogo kama mayai ya chawa. Nimeyasoma kwa sauti. Magesa akasema hamisha. Nikahamisha.

Grisi sasa. Sikumuuliza. Kwetu samli ni dawa ya kila kitu: nyufa za miguu, bawaba za mlango, kifua cha mtoto, cherehani. Mama hututumia kutoka Butiama na haiishi. Nikachovya kidole, nikapaka, nikafunga feni juu.

Nikawasha huku nimefumba macho. Imewaka. Magari yanakimbia kama magari. Nilipiga kigelegele peke yangu, nikaenda mwenyewe kumtafuta Mafuru alete sidii yake ya mpira.

Jumapili, 15 Juni

Sitaki kuandika. Naandika.

Wamekuja baada ya misa, Mafuru, Bhoke na wengine. Kipindi cha kwanza safi. Cha pili kikaanza kunuka chapati. Bhoke akauliza napika nini. Sikuwa napika. Picha ikaganda, golikipa hewani. Nikazima, nikawasha, giza. Nikahangaika na swichi mpaka vidole vikauma. Wakaaga mmoja mmoja. Bhoke alimpa Magesa mkono, akaushika kitambo. Mimi nilikuwa nyuma ya meza na waya.

Nimeua. Ndiyo hiyo basi.

Jumatatu, 16 Juni

Asubuhi sisimizi. Msafara kutoka dirishani, juu ya meza, ndani ya kompyuta. Nikafungua. Samli imeyeyuka, imeteremka kwenye soketi, na wao wako karamuni.

Ilibidi nimwambie Magesa. Nilitegemea matusi. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, nikakimbilia maji, na nilipompa nikarudi upesi kwenye mashine. Nimefuta kwa spiriti ya kusafishia vidonda vyake na pamba kwenye njiti ya kiberiti, mguu mmoja wa prosesa baada ya mwingine. Nikamweleza Wambura yote kwenye simu. Akauliza: "Dada Wegesa, umekaanga prosesa?" Anatuma grisi nyingine. Hajui kama itapona. Na mimi sijui nikiikosa nitamfanyia nini Magesa siku nzima.

Jumatano, 18 Juni

Grisi imefika. Nimepaka kama punje ya mchele, nimefunga. Sikuwasha. Nikafua mashuka ambayo yalikuwa safi. Nikarudi, nikawasha.

Inaishi. Nimelia kwa prosesa. Mtu mzima.

Jumamosi, 21 Juni

Sebule imejaa tena. Waliokuwa Iringo wamerudi, maana kwetu hakuna kulipia. Hata jirani wa chai ameingia mpaka ndani kutazama. Mtangazaji anapayuka Kizungu, vijana wanapayuka zaidi yake. Mimi jikoni nakaanga mihogo, nimefurahi kama mwenye harusi.

Walipoondoka nikaingia kukusanya vikombe. Magesa amegeukia ukuta. Nikamuuliza kama amefurahi. Akasema amechoka. Halafu akayasema yote bila kugeuka.

"Dada, hizi kelele nilikuwaga nazivumilia tu. Niliona zikiwepo, wewe unatulia. Unaogopaga kukaa na mimi."

Nilitaka kukataa. Nikabeba vikombe. Vilikuwa havijai hata sinia, nikaviosha muda mrefu. Nimemkasirikia mgonjwa. Nimemkasirikia kwa sababu ni kweli. Nikiingia naleta kitu, nikitoka nachukua kitu. Siwezi kumwangalia mabega, yamebaki mifupa. Tangu aje kutoka Bunda sijakaa naye.

Jumapili, 22 Juni

Sikwenda kanisani. Mafuru alikuja na sidii, nikamwambia leo hapana, hata kesho sijui. Nikabandika maharage, nikaenda kuketi kwenye kochi. Magesa akasogeza miguu kunipa nafasi. Nikaichukua ile miguu, nikaiweka mapajani kwangu. Ni miepesi mno.

Aliuliza kama tumwite Mama. Nikasema tumwite. Upepo wa ziwani uliingia, nikamfunika. Niliogopa muda wote, siwezi kudanganya, na mara mbili nilitaka kuinuka nikaangalie jikoni. Harufu ya kuungua ilinifikia. Alikuwa amesinzia, kisigino chake kiganjani mwangu.

Maharage yameungua. Tumeyala hivyohivyo.