Herufi ya Mwisho Darajani

Karakana ya Vibao,
Nyumba ya Kona, Mtaa wa Reli,
S.L.P. 41.

Jumapili, 9 Julai.

Mpendwa mdogo wangu Tone,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na wifi yangu na wanangu wawili. Hamjambo nyote? Kifua chako kimepona? Mara ya mwisho uliniambia harufu ya rangi ya mabehewa inakukohoza, nikakwambia ufunge kitambaa puani kama alivyofanya baba, ukacheka. Nakuuliza tena, na safari hii usicheke. Na mgongo wa wifi je? Na yule kitindamimba wenu, meno ya mbele yameshaota, au bado anacheka kama babu kizee?

Sisi huku tu wazima. Mama hajambo, magoti tu ndiyo yanamsumbua kukiwa na baridi. Masikio yake ndiyo yamezidi kuwa makali, anasikia hata yasiyomhusu. Mimi mzima, mvi zinaongezeka bila kuniomba ruhusa, na mkono bado haujaanza kutetemeka. Fundi wa vibao akishatetemeka ni wa kwenda kuuza vitunguu.

Sweta aliyotuma wifi imefika. Mama alipoivaa ilimfika magotini, akasema ndiyo dawa hiyo, magoti yamepata shuka. Hajaivua tangu Jumanne. Mwambie wifi ahsante, na mwambie pia kwamba mama mkwe wake si mrefu kiasi hicho.

Barua yako ilinifikia Alhamisi na nimeisoma mara nne. Najua unangoja jibu la lile swali uliloliandika chini kabisa, baada ya jina lako, kana kwamba lilikuponyoka: Dada, nitie sahihi au nirudi? Nitalijibu. Lakini unanijua, sipaki rangi ubao ambao sijaupiga msasa. Nivumilie kidogo.

Utauliza kwa nini sipigi simu. Kwenye simu ningelia, nawe ungeniambia usilie dada, tungepoteza muda wote hapo na nisingefika ninapotaka kufika.

Basi nikusimulie ile asubuhi ya matokeo, maana redio za huko hazijui ya mtaani kwetu. Ilipotangazwa kwamba nchi yetu imepiga kura kutoka katika Muungano, nilikuwa nachanganya rangi mlangoni. Mara kinyozi wa mkabala, yule unayemkumbuka kwa kelele, akatoka mbio na mashine mkononi, anaruka na kukumbatia watu wasiotaka kukumbatiwa. Kumbe ndani amemwacha mtu kitini, kichwa kimenyolewa upande mmoja. Mtu mwenyewe ni yule mwalimu mstaafu aliyekufundisha kusoma. Na yeye alipiga kura ya kubaki.

Mwalimu alitoka, shuka ya kinyozi bado shingoni, akamtazama anavyocheza. Akaivua, akaikunja vizuri, akaiweka dirishani, akaenda zake. Kinyozi alimfuata, "Mwalimu, rudi basi nikumalizie!" Mwalimu wala hakugeuka. Tangu siku hiyo akawa anatembea na nusu kichwa, sokoni, posta, kila mahali. Watoto walicheka siku ya kwanza. Siku ya pili hakuna aliyecheka.

Tangu hapo mtaa wetu ni kama nyumba yenye msiba chumba kimoja na harusi chumba cha pili. Watu waliokopeshana chumvi miaka ishirini sasa wanapishana kama hawajuani. Muuza dawa alilia mbele ya wateja, halafu akamhudumia aliyekuwa akimsimanga, kwa adabu zote. Fundi cherehani ndiye hana adui. Kabla ya kura aliwashonea bendera wa kutoka na wa kubaki, na sasa walioshindwa wanamrudishia bendera za Muungano azigeuze foronya. Anasema kitambaa hakina kosa. Mama ameshachukua mbili.

Mama mwenyewe hajaelewa vizuri, au anajifanya hajaelewa. Kila asubuhi anauliza, "Daraja bado lipo?" Namwambia lipo. "Halijabomolewa?" Halijabomolewa, mama. Ndipo anakunywa chai.

Tone, unaikumbuka siku tulipoandika kile kibao cha darajani, pale mpakani? Nimekuwa nikiikumbuka sana majuma haya mawili, mpaka nasikia harufu ya tapentaini hata mikono ikiwa safi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, wewe tisa. Muungano ulikuwa unaanza, na baraza la mji likampa baba kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Alinyoa ndevu kwa ajili ya kibao! Mama alimwuliza kama anakwenda kuposa.

KARIBU NYUMBANI, mstari wa juu. UKO NDANI YA MUUNGANO, mstari wa chini. Siku nne tulikuwa pale. Baba aliivuta ile kamba yenye chaki, mimi nikaishika upande wa pili, akaipiga tapu! ukabaki mstari mweupe ulionyooka. Watu wa ng'ambo walikuja kututazama, nasi tukawatazama. Mwanamke mmoja wa kule aliivua kofia yake akakuvisha wewe, jua lisikuchome, akaenda bila kuuliza jina. Ile kofia uliivaa hadi ikawa wavu.

Na unaikumbuka kanuni ya baba: kibao hakimaliziwi na aliyekianza. Aliyekianza macho yake yameshakizoea, haoni kosa. Kwa hiyo alianza yeye, nikaendeleza mimi, na herufi ya mwisho siku zote ilikuwa yako. Wewe juu ya ngazi na ulimi nje, mimi chini naishika ngazi. Siku ile ulichovya brashi mno. Uliizungusha ile O vizuri kabisa, halafu tone moja likajitenga, likateremka taratibu mpaka ukingoni mwa ubao. Ulianza kulia. Nilichukua kitambaa nipande nilifute, baba akanizuia. Alisema acha libaki, wajue kiliandikwa na watu. Tangu siku hiyo jina lako la shule likasahaulika nyumbani.

Miaka thelathini na mitano, mdogo wangu. Kila nilipopita darajani nilikitazama kwanza kile kitone kabla ya maneno. Hata ulipoondoka na sanduku la baba, miaka ishirini na miwili sasa, sikukutazama wewe, nilikitazama hicho kitone. Hukujua hilo. Nilijua nikikutazama nitakushika shati.

Sasa nafika pale ninapopaogopa.

Mimi nilipiga kura ya kutoka.

Usikunje barua, soma. Kabla ya kura, wapiga debe walipita kila siku na vipaza sauti. Ya ushuru na viwanda yaliingia sikio hili yakatokea lile. Lakini siku moja kijana mmoja alisimama pale kona akasema kwamba tukitoka, watoto wetu wote walioko ng'ambo watarudi nyumbani. Hilo halikutoka sikioni. Nililala nalo, nikaamka nalo. Nikapiga hesabu zangu za kijinga: Tone atarudi, ngazi itakuwa na mtu juu na mtu chini, mama hatakufa akiuliza habari za daraja. Nikaingia katika kile chumba cha kura, nikaweka alama yangu kwa mkono ulionyooka kama wa baba.

Sikufikiria kwamba kurudi kwako ni kumng'oa wifi kwenye kazi yake, na binti yako shuleni ukiwa umebaki mwaka mmoja. Sikumfikiria yule mwanamke wa kofia. Niliwafikiria mama na karakana, basi. Na leo serikali hizi mbili zimewapa hadi mwisho wa Septemba mchague: kutia sahihi uraia wa huko na kuuachia wa hapa, au kufungasha. Majuto ni mjukuu, naye wangu amekuja mapema na anakaa mapajani.

Juma lililopita karani wa baraza la mji alikuja na karatasi. Mstari wa chini wa kibao cha darajani ufutwe. Ningeweza kukataa, lakini angemwita mtu wa mashine za kuchapa, naye angeubandua ubao wote. Nikasema nitakwenda mimi.

Jumatano nikapanda. Walipita watu, wengine wakanipigia makofi, wengine wakanizomea, mmoja alinipigia makofi kwanza halafu akaanza kulia, sijui ni wa upande gani. Ngazi ikawa inacheza, unajua lile tatizo la mguu wake wa kushoto. Halafu ikatulia ghafla. Nikatazama chini, nikaona kichwa, upande mmoja nywele, upande wa pili zimeanza kuota. Mwalimu. Aliishika kwa mikono miwili. Na mimi juu nafuta alichokipenda, na niliyemchangia kukipoteza ni yeye huyo aliyenishikia ngazi! Aibu niliyoipata, Tone, sitaki aipate hata mbaya wangu.

Nikamwambia kutoka juu, kwa sababu sikuweza kushuka nayo. "Mwalimu, na mimi nilipiga ya kutoka."

"Nilijua," akasema. "Ulikuwa unamtaka mdogo wako." Halafu akasema, "Angalia hapo unapokanyaga."

Nilifuta herufi moja baada ya nyingine hadi nikafika kwenye O yako. Nikachovya brashi, nikaiinua, mkono ukagoma. Mwalimu akasema imebaki moja. Nikamwambia hiyo si yangu. Nikashuka. Karani alipokuja kukagua aliuliza kulikoni, nikamweleza kanuni ya baba, kwamba hata kufuta ni kazi, na kazi haimaliziwi na aliyeianza. Mmaliziaji yuko safarini. Aliniangalia kama nimechanganyikiwa, kisha akaandika kwenye karatasi yake: haijakamilika. Nimekubali iandikwe hivyo.

Kwa hiyo kibao chetu sasa kinasema KARIBU NYUMBANI, na chini, pembeni kabisa, iko O yako peke yake na kitone chake.

Kinyozi alisikia habari za ngazi. Jana alivuka barabara na kiti, mashine na shuka, akakaa nje ya mlango wa mwalimu hadi akafunguliwa. Sijui waliongea nini. Mwalimu ametoka na kichwa kizima kama yai, na wanasalimiana, ingawa kwa ufupi.

Nilimwungamia mama pia. Nilidhani atanitetea, maana naye anakutaka kuliko mimi. Aliikunja mikono ya ile sweta, akaikunjua, akasema, "Mtoto haitwi nyumbani kwa kufungiwa mlango." Akarudi kwenye chai yake. Sijawahi kupigwa kofi likaniuma vile.

Jibu langu basi, mdogo wangu. Tia sahihi.

Tia bila kuangalia nyuma. Nyumba yako ni pale binti yako anapofungulia madaftari yake na wifi anapotundikia koti lake. Usirudi kwa kuogopa tarehe ya serikali, wala kwa kuwahurumia vikongwe wawili wa Nyumba ya Kona. Nilikupigia kura kana kwamba wewe ni mbuzi wa kufungiwa zizini. Nisamehe. Nakupenda, na nilikupenda vibaya.

Ukishatia, omba ruhusa ya mgeni, gongewa muhuri, pita darajani kama wapitavyo wageni. Njoo mwezi wowote. Mama atakuita mgeni siku ya kwanza, siku ya pili atakutuma dukani. Brashi yako ya herufi za mwisho nimeiosha, manyoya yamekaa vizuri. Ukipanda, utaamua mwenyewe, uifute ile O au uipake upya. Sitakuuliza, na karani tutamjibu tukiwa wawili.

Nisalimie wifi sana, mwambie awe ananisema huko kwenu kwa siku tatu, halafu anisamehe. Binti yako mwambie shangazi anamwombea mtihani. Kitindamimba mbusu pale penye pengo. Baba mdogo anawasalimu, anasema mkewe anadai picha. Mwalimu anakusalimu na anauliza kama mwandiko wako umenyooka. Kinyozi naye anakusalimu, nimeona nisimnyime.

Mungu awalinde huko, aifungue njia yako kwenda na kurudi, na asitufungie mlango ambao sisi wenyewe tumeusukuma.

Wako akupendaye,

Dada yako, mshika ngazi.