Gari la Baba Linazima

Bariadi, Jumatano

Kwa hiyo si kabureta. Nimeilaumu bure.

Gari la Baba ni la zamani, lile la injini nyuma inayopozwa kwa upepo. Likitembea halina shida, ila nikisimama tu linazima. Fundi alisafisha kabureta, akabadilisha plagi, akarekebisha skrubu ya sailensa, ile inayopanga mzunguko wa injini gari likiwa limesimama. Likatulia. Kesho yake likazima tena, na kila akirekebisha ni hivyo hivyo.

Leo asubuhi nikamkuta Baba ameinamia injini, bisibisi mkononi, anailegeza ile skrubu.

“Baba, unafanya nini?”

“Napunguza, mayu,” akasema, akiniita mama kwa Kisukuma kama kawaida yake. “Linanguruma mno, silali.”

Nikagusa injini. Ilikuwa ya baridi, haijawashwa tangu jana.

Nikamwambia sawa, nikamnyang'anya bisibisi taratibu. Ndiye aliyenifundisha kuendesha. Kaka yangu anayeishi Ngulyati bado hajui hali ya Baba, na sijui nitaanzia wapi kumweleza. Leo ni skrubu tu. Akihamia kwenye breki, na mimi nabeba watoto wa shule humo...

Jioni tukiwa tunakula aliacha ugali, akasikiliza, kisha akaniuliza kwa upole kwa nini siendi kulizima gari.