Odette, Balimupa Gisèle Nafasi Yako

Odette wangu,

Ninakuandikia na kasirani, afazali nikuambie tangu mwanzo. Tangu tulikuzika, kikundi yetu ya teatre ilikaa bila bibi. Sasa balimupa Gisèle nafasi yako, ule mutoto mwenye anashonaka nguo pembeni ya soko ya Kenya, ule mutaa wetu. Yeye ndiye anacheza bibi, na mimi ningali bwana.

Siku ya kwanza alikuja amevaa kikwembe yako ya njano. Nikamuuliza aliipata wapi. "Papa Kalala alinipa." Bwana yako wa kweli, Odette! Mimi nililala kwenu kilio yote, nikamupikia bukari, na hakuniuliza hata kama ninataka kitambaa kimoja cha kukukumbukia.

Unakumbuka namna tulianza? Hakuna mwanaume mwenye alikubali kushika kapoti, ile kondomu, mbele ya bantu. Kila mumoja: "Bakwe yangu batanionaje?" Ukanivalisha suruali ya Kalala, ukanichora ndevu na makala, ukasema: "Marthe, leo wewe ndiye bwana yangu. Unisikilize vile wale bwana benyewe habasikilizake." Wakati ule bantu balisema kapoti ni ya malaya, eti inaleta ugonjwa, eti bazungu habataki tuzae. Mama mumoja alitumwangia maji ya kuoshea samaki. Kisha ugonjwa ukaingia hata mu nyumba za bantu ba kanisa, na wale wale bakaanza kukufuata nyuma ya soko, bakilomba kapoti kwa sauti ya chini. Kwako. Hakuna mwenye alikuja kwangu. Nilikuwa "bwana ya Odette" tu. Hata hiyo nilikuonea wivu, na ulijua.

Juzi tulienda kucheza Kinsevere, kwa bibi za bafanyakazi ba mugodi. Siku hizi tunasema zaidi juu ya kupumzika kuzaa: bibi iko na mutoto muchanga, bwana anatoka kazini, bibi anamulomba avae kapoti. Unajua pale ulikuwa unapiga magoti, unalia kidogo, na mimi ninakubali. Gisèle hakupiga magoti. Alifungua sakoshi, akatoa kapoti, akaiweka juu ya meza. "Hii hapa."

Moto ulinishika. Nikaona anaharibu muchezo yako. Nikasema maneno yenye hayako mu muchezo: "Mi sivai. Ni mimi bwana." Nilitaka ashindwe mbele ya bale bantu bote. Bamama bakapiga kelele. Yeye akaniangalia tu, akafunga sakoshi yake.

"Basi utalala ku fotei ya sebule, papa. Na shuka sikupi."

Odette, balicheka mpaka mama mumoja akaketi chini. Wewe habakukuchekea vile. Nikachukua ile kapoti.

Kisha bamama bakakuja kulomba kapoti zao. Mumoja, mutoto mugongoni, alipita Gisèle, akakuja kwangu. Kwangu! "Tantine, bwana yangu anasemaka sawa wewe, vile vile. Nimujibu namna gani?"

Ile swali nilikuwa ninaingoja miaka yote. Lakini mimi nilijifunza maneno ya bwana tu, ya bibi yalikuwa yako. Nikageuka, nikaita: "Gisèle! Kuja." Akakuja, tukabaki na ule mama mpaka chofa akaanza kupiga honi.

Mu motoka, Gisèle alikaa karibu na mimi. "Dada Marthe, ulinitisha. Nilifunga sakoshi ili nipate kitu ya kushika."

"Sikuona," nikamujibu. Nilikuwa nimeona.

Lala muzuri, bibi yangu. Ninakuahidi nitacheza naye, na sitamutega tena mbele ya bantu. Lakini kumupenda... usinilombe bado.

Bwana yako wa teatre,
Marthe