Daftari la Kijani

Jumamosi, 4 Oktoba 1997

Joto bado. Jasho mpaka kwenye soksi. Gennady, yule mhandisi Mrusi mrefu, kaja stoo, nikamwonyesha daftari la kijani. Mgeni wa kwanza kuliona! Kila bomba tulilofukia kwenye zege la kinu hiki cha nyuklia, mimi na marehemu ndugu yangu Nader, limo humo: kimo, kona, kila kitu. Wajerumani waliokianza walipoondoka na michoro yao, sisi tulibaki na daftari.

"Hii dhahabu, Usta," akasema, akiniita fundi bingwa kwa Kiajemi chake cha kuokoteza. Nikamjibu kama mtu aliyelelewa: "Halina thamani mbele yako. Chukua, ni lako." Akanikumbatia. Akalichukua.

Akalichukua!

Jumapili, 5 Oktoba

Nimemweleza mke wangu. Golandam kacheka mpaka kaacha samaki akaungua. "Angenisifu mimi je? Ungempa na mimi?" Kisha kaweka mwiko chini. Nusu ya daftari ni mwandiko wa Nader. Hatuna mwandiko wake mwingine.

Kesho nitamwendea Gennady. Nitamwambiaje lakini? Mtu hadai zawadi aliyoitoa kwa mdomo wake. Aibu gani hii!

Jumatatu, 6 Oktoba

Kaondoka. Likizo, wiki sita, ndege ya asubuhi. Kaniachia boksi la chokoleti na kikaratasi alichoandikiwa na mkalimani: anashukuru kwa zawadi ya moyo.

Chokoleti zimeyeyuka.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimekiri kwa bosi wangu, Mhandisi Sohrabi. Kashika kichwa. "Usta Khodakaram, adabu zako ungewawekea watu wa kwetu! Yule hajui kwamba 'chukua' ni heshima tu, alitakiwa akatae mara tatu." Faksi imetumwa Moscow. Kimya. Tehran wanasema tuandike barua.

Miaka ishirini na miwili! Nilianza hapa kijana, nawabebea Wajerumani ngazi. Yakaja mapinduzi, wakaenda zao. Ikaja vita, ndege zikatupiga mabomu, Nader akafia chini ya ukuta wa mashariki. Sasa Warusi, na tunaanza upya. Hata balbu moja haijawahi kuwaka kwa umeme wa kinu hiki. Nimechoka. Nimechoka hadi kwenye mifupa.

Jumatano, 8 Oktoba

Amri kutoka juu: ukuta wa mashariki utobolewe Jumamosi, kupitisha mabomba ya Warusi. Hawasubiri wiki sita. Ndani yake mna bomba kuu la kupozea. Likikatwa, ukuta mzima unavunjwa – mwaka mwingine, labda miwili. Nani atamtaka tena Khodakaram hapo?

Sohrabi kanipigapiga begani: "Daftari unalo kichwani, Usta."

Kichwani nina Nader tu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Makaburini. Golandam kaosha jiwe kwa maji ya waridi. Nikamuuliza Nader: bomba liko kulia au kushoto? Mwanamume mzima, naongea na jiwe. Nililia. Golandam kajifanya hajaona.

Jumamosi, 11 Oktoba

Naandika nimekaa juu ya kreti, mbele ya ukuta. Nimepiga alama ya chaki pa kutoboa, shubiri nne kushoto kwa nguzo. Namwona Nader siku ile tunamwaga zege, kasimama penye nguzo, kanyoosha mkono, anapiga kelele: "Bomba liko kulia kwangu!" Lakini alikuwa anautazama ukuta, au ananitazama mimi? Kama alinitazama mimi, basi nimeweka chaki juu ya bomba lenyewe.

Sikumbuki. Ee Mungu, sikumbuki!

Sohrabi kaja na mafundi wawili. Kainama kwa heshima, mbele yao wote. "Usta wetu, mkongwe wa kinu. Una hakika?"

Nilitaka kusema hapana. Wallahi nilitaka! Ulimi wa adabu ukanitangulia: "Mimi ni nani mbele yako, Mhandisi? Mwenye kujua ni wewe."

Akatabasamu. Akawageukia mafundi: "Mmesikia? Usta karidhika. Anzeni."

Mashine imewashwa. Mmoja anafuta miwani yake, mwingine anapima kwa ncha ya drili pale kwenye chaki. Kutoka hapa mpaka pale ni hatua sita. Vumbi la kwanza limeshaanguka kwenye ukurasa huu, nami bado nimekaa, naandika